Kamari ya Pengo la Pointi na Hukumu ya Maisir



Vijana wetu waliokwenda Marekani kwa masomo, na vile vile ndugu wa huko huko wanaoichungua dini tukufu ya Islam, huuliza swali ambalo kwa juu juu huonekana dogo: Je, kuweka dola chache juu ya mchezo wa mpira wa vyuo vikuu ni ile maisir iliyokatazwa na Kurani Tukufu, au ni jambo jingine? Wanaouliza hivi hawaulizi kwa kiburi. Wengi wao wameacha pombe na nyama ya nguruwe bila taabu kubwa, lakini hapa miguu yao huwa mizito, kwa kuwa rafiki zao huwaambia ya kwamba kamari ya namna hii si ya bahati bali ni ya elimu, na kwamba mwenye kuzijua timu vizuri hachezi kamari hata kidogo, bali anaiuza akili yake. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwenye kuijibu kwa kusema tu "ni haramu, basi" atakuwa amesema kweli, lakini hatakuwa amemfundisha mtu.

Yatupasa kwanza tuufahamu mchezo wenyewe, maana haifai kulihukumu jambo tusilolijua. Mpira wa Kimarekani si kandanda tunayoijua sisi. Wachezaji ni kumi na mmoja kila upande, lakini mpira una umbo kama la yai na hubebwa mikononi. Timu ikiuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani wake hupata pointi 6, pamoja na nafasi ya kuongeza pointi moja au mbili. Na ikiupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili hupata pointi 3. Vyuo vikuu vya nchi ile huucheza mchezo huu kwa shauku kubwa mno, hata kuna miji ambayo siku ya mchezo shughuli nyingine zote husimama. Tangu msimu wa mwaka 2014 bingwa wao hupatikana kwa mechi za mtoano. Mwanzoni ziliingia timu nne tu, na tangu msimu wa 2024 zikawa kumi na mbili. Mechi hizo huchezwa Desemba na Januari.

Kwa muda mrefu kamari juu ya michezo hii ilikuwa imekatazwa na serikali katika sehemu kubwa ya Marekani. Sheria ya mwaka 1992 iliyazuia majimbo mengi yasiihalalishe, na jimbo la Nevada ndilo lililokuwa mashuhuri kwa kuiruhusu. Kisha tarehe 14 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria ile, na tangu hapo majimbo zaidi ya thelathini yameiruhusu. Leo mwanafunzi aliyelala kitandani bwenini huweka dau kwa simu yake, bila kumwona mtu wala kuonwa na mtu. Ndiyo sababu swali hili limekuwa zito kuliko lilivyokuwa kwa baba zake. Wala ruhusa ya serikali haiwezi kuwa hoja kwa Mwislamu. Pombe nayo imeruhusiwa na serikali hiyo tangu mwaka 1933, na hapana aliyesema kuwa kwa hiyo imekuwa halali kwetu.

Basi, pengo la pointi ni nini? Katika michezo mingi timu moja ni bora kuliko nyingine, na kila mtu anajua. Kama watu wangeambiwa wachague mshindi tu, karibu wote wangeichagua iliyo bora. Kwa hiyo wenye kampuni za kamari hutangaza tofauti. Husema, kwa mfano, timu ya kwanza inapungukiwa pointi saba kabla ya mchezo kuanza. Aliyeweka dau juu yake hapati kitu mpaka timu hiyo ishinde kwa zaidi ya pointi saba. Na aliyeweka dau juu ya timu dhaifu hupata hata kama timu yake imeshindwa, maadamu imeshindwa kwa pungufu ya saba. Ikiwa tofauti ni saba barabara, kila mtu hurudishiwa chake. Ili kuepuka hayo, mara nyingi huongeza nusu ya pointi, ingawa hakuna mchezaji yeyote duniani awezaye kufunga nusu pointi. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha utaratibu huu ni Charles McNeil, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kisha akawa mpokeaji wa madau mjini Chicago katika miaka ya 1940. Ni mji ule ule ambao Hadhrat Mufti Muhammad Sadiq r.a. alikuwa ameweka nyumba ya tabligh mapema katika miaka ya 1920. Hivyo ndivyo miji mikubwa ilivyo, njia mbili hupita katika mtaa mmoja.

Mfano utatusaidia. Tarehe 8 Januari 2018 Alabama walicheza na Georgia mchezo wa mwisho wa kutafuta bingwa. Alabama walitarajiwa kushinda kwa zaidi ya pointi tatu. Baada ya muda wa nyongeza walishinda 26 kwa 23. Wakatawazwa mabingwa, mashabiki wao wakalia kwa furaha, na wakati huo huo waliokuwa wameweka dau juu yao walipoteza fedha zao, kwa kuwa tofauti ilikuwa tatu tu. Timu imeshinda, na aliyeiamini ameshindwa!

Mfano mwingine ni wa ajabu zaidi. Tarehe 20 Januari 2025, mjini Atlanta, Ohio State walikutana na Notre Dame. Pengo lililotangazwa na kampuni nyingi lilikuwa karibu pointi nane na nusu kwa upande wa Ohio State. Ohio State walitangulia 31 kwa 7, kisha Notre Dame wakajitahidi wakafika 31 kwa 23. Sasa tofauti ilikuwa nane. Zikiwa zimebaki sekunde chache kabla ya kipenga cha mwisho, Ohio State waliupiga mpira kati ya milingoti wakapata pointi tatu, na mchezo ukaisha 34 kwa 23. Kwa wachezaji, pigo lile liliufunga mlango wa matumaini ya wapinzani wao. Lakini kwa watu waliokuwa na madau, pigo lile lilihamisha mali kutoka mifuko ya hawa kwenda mifuko ya wale. Tafakari, ndugu msomaji: mtu aliyeweka dau juu ya Notre Dame alikuwa ameridhika kabisa timu yake ishindwe, lakini ishindwe kwa nane! Ameketi anaomba kushindwa kwa kiasi. Mapenzi ya mchezo yamegeuzwa juu chini, na aliyeyageuza ni nusu ya pointi.

Sasa tuikabili ile hoja ya elimu. Wasemao kwamba kamari hii ni kazi ya akili hawakufikiri pengo lile limetengenezwa kwa kitu gani. Limetengenezwa kwa elimu. Wenye kampuni wanajua nani ameumia goti, wanajua hali ya hewa ya uwanjani, wanajua timu imesafiri mbali kiasi gani. Na watu wakimiminika upande mmoja, pengo husogezwa kwenda huko. Kwa hiyo yale yote yanayojulikana huwa yamekwisha kuingizwa katika ile namba kabla wewe hujaiona. Kinachobaki baada ya elimu kutolewa ni nini? Ni yale asiyoyajua mtu yeyote: mpira utadunda upande gani, upepo utavuma sekunde gani. Huyo ndugu anadhani anaiuza akili yake, kumbe akili yake imekwisha kununuliwa na kutolewa nje, na yeye anauziwa bahati iliyobaki. Kwa hakika kamari ya pengo iko karibu zaidi na upigaji wa mishale wa Waarabu wa kale kuliko kubashiri mshindi, ambako mwenye kujua kidogo angalau ana cha kujua.

Tuongeze hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Desturi ya kamari hii ni kwamba mtu huweka dola 110 ili apate faida ya dola 100. Akicheza mara kumi, akashinda tano na kupoteza tano, amepata 500 na kutoa 550. Amepungukiwa dola 50 ingawa hakubahatisha vibaya kuliko mtu mwingine yeyote. Ili arudi pale alipoanzia tu, bila faida ya hata senti moja, inampasa ashinde mara 11 katika kila mara 21. Nusu kwa nusu haimtoshi. Na kwa kuwa pengo limewekwa makusudi ili pande mbili zilingane, nusu kwa nusu ndiyo fungu la watu walio wengi. Ile dola kumi ya ziada ni ya mwenye nyumba, naye huipata kwa aliyeshindwa, mchezo baada ya mchezo. Wala yeye hahitaji kujua nani atashinda.

Hebu sasa tuitazame Kurani Tukufu. Neno maisir lina asili moja na neno la Kiarabu lenye maana ya wepesi, yaani mali inayopatikana kwa wepesi bila ya jasho. Wafasiri wameeleza namna Waarabu walivyokuwa wakifanya. Ngamia alichinjwa na kugawanywa mafungu, kisha ikatolewa mishale kumi katika mfuko: saba ilikuwa na mafungu yake, na mitatu ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata nyama, na juu yake ikawa kulipa thamani ya ngamia. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mara nyingi walioshinda hawakuila nyama ile, bali waliwapa maskini, na aliyekataa kuingia katika mchezo alionekana bahili. Maisir ilikuwa desturi ya ukarimu! Ilifanywa hasa wakati wa baridi na ukame, wakati wenye njaa walikuwa wengi.

Pamoja na hayo Mwenyezi Mungu Aliikataza. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 220 (kwa hesabu inayoanza na Bismillahi), Amekubali wazi ya kwamba katika pombe na kamari mna faida fulani kwa watu, kisha Akafundisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake. Huu ndio uadilifu wa Kurani Tukufu; haimkatazi mtu kitu kwa kukizulia ubaya usiokuwamo. Basi yule ndugu anayesema, "Nikishinda nitatoa sehemu msikitini," ajue kwamba amewahiwa na Waarabu wa zama za ujinga, tena wao walitoa ngamia mzima. Na Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha ya kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwema, wala Hakubali ila kilicho chema. Chanda iliyotoka katika dau haiwezi kuwa chanda.

Kisha katika Sura Al-Maida, aya ya 91 na 92, amri ilikuja kwa ukamilifu. Pombe, kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli vimewekwa pamoja kuwa uchafu wa kazi ya shetani, na sababu zimetajwa: shetani anataka kutia uadui na chuki kati ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Pombe na kamari zimefungwa kamba moja. Watu wa elimu ya dunia walichukua muda mrefu kulifikia jambo hili. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Maradhi ya Akili cha Marekani, katika kitabu chake cha kuainisha maradhi, kiliiweka kamari iliyomtawala mtu katika mlango mmoja na ulevi wa pombe na wa dawa. Kabla ya hapo ilikuwa imewekwa mlango mwingine.

Ama kuhusu Sala, hapahitaji maneno mengi. Mchezo ule wa Atlanta ulianza saa moja na nusu usiku, na mchezo wa namna hii huchukua zaidi ya saa tatu. Wakati wa Isha huingia hapo hapo. Mtu anayetazama mpira bila dau anaweza kuondoka wakati wa mapumziko akasali, na wengi hufanya hivyo. Lakini mwenye dola mia mbili za karo yake zikining'inia juu ya pengo, hata akisimama kwenye mswala, yuko wapi? Mwili unaelekea Kibla na moyo uko kati ya milingoti miwili.

Juu ya uadui nataka tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kamari ya michezo ya vyuo inapodhihirisha ubaya wake wa pekee. Wachezaji hawa ni vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa, ishirini. Wanakaa darasani na hao hao wanaoweka madau juu yao. Zamani kijana akikosa kupiga mpira vizuri alizomewa uwanjani, yakaisha. Leo, akikosa, mtu asiyemjua, wa jimbo la mbali, humtumia matusi na vitisho kwa simu, kwa sababu dau lake limepotea. Hali ilifika mahali ambapo mnamo Machi 2024 Charlie Baker, rais wa NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, aliyaomba majimbo yote yakataze madau yanayowekwa juu ya vitendo vya mchezaji mmoja mmoja. Na chama hicho hicho kinawakataza wachezaji wake wasiweke kamari juu ya michezo ya vyuo. Je, si ajabu? Jambo ambalo mchezaji mwenyewe akilifanya anafukuzwa, mtazamaji wake anatangaziwa kwa taa na muziki kila baada ya dakika chache.

Na pengo la pointi lilileta maovu mapya yasiyowezekana kabla yake. Kumshawishi mchezaji ashindwe makusudi ni jambo gumu, maana kila mchezaji ana fahari yake. Lakini kumwambia, "Shinda, ila usishinde kwa mengi," ni rahisi zaidi. Dhamiri yake hudanganyika kwamba hakuisaliti timu yake. Mwaka 1950 timu ya mpira wa kikapu ya City College of New York ilitwaa mashindano mawili makubwa ya taifa katika mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, 1951, baadhi ya vijana wake walikamatwa kwa kupokea rushwa kutoka kwa wacheza kamari ili waibane tofauti ya pointi. Wengi wao walikuwa watoto wa watu wa kawaida wa New York, na chuo chenyewe kilikuwa cha watoto wa wenye kipato kidogo. Majina yao yalitukuzwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili yakawa aibu. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia chuoni akiwa mwizi.

Huenda mtafutaji wa kweli aliyesoma historia ya Islam akatuuliza: Je, Hadhrat Abubakar r.a. hakuweka dau? Swali hili ni zuri, na jibu lake lina faida. Dola ya Uajemi ilipowashinda Warumi, washirikina wa Makka walifurahi, na Mwenyezi Mungu Akateremsha habari katika mwanzo wa Sura Ar-Rum kwamba Warumi watashinda tena katika miaka michache, yaani baina ya mitatu na tisa. Kwa desturi ya Waarabu hapakuwa na kitu kigeni zaidi kuliko bishara hii, kwa kuwa Warumi walikuwa wamevunjika kabisa, na Yerusalemu ilikuwa imetwaliwa mwaka 614. Hadhrat Abubakar r.a. aliwekeana sharti na washirikina, na katika riwaya za Tirmidhi imetajwa kwamba mwanzo aliweka muda mfupi mno, naye Mtume Mtukufu s.a.w. akamkumbusha upana wa neno lile la miaka. Mwishoni bishara ikatimia. Lakini katika riwaya hiyo hiyo imeelezwa kwamba jambo lile lilitokea kabla madau hayajaharimishwa. Isitoshe, Hadhrat Abubakar r.a. hakuwa akibahatisha, alikuwa ameshika neno la Mola Wake mbele ya watu waliolikadhibisha. Nani kati ya hawa wa leo ana wahyi juu ya Ohio State?

Hapa tusichanganye mambo. Islam haikuuharimisha mchezo. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwashindanisha farasi Madina, na yeye mwenyewe alishindana mbio na Hadhrat Aisha r.a.; mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baada ya miaka, mwili wake ulipoongezeka, alishindwa. Tuzo katika mashindano ya farasi, ngamia na mishale aliiruhusu, kwa kuwa mafunzo hayo yalikuwa nguvu ya umma. Kuutazama mpira, kuupenda, hata kubashiriana na rafiki nani atashinda pasipo kuweka kitu, si maisir. Nitasema tu kwamba ni upotezaji wa muda ukizidi, kama ulivyo mchezo wa bao ukizidi. Wala kura si kamari. Ile sarafu inayorushwa mwanzo wa mchezo ili ijulikane nani aanze haimnyang'anyi mtu haki yake, Mtume s.a.w. alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri, wote wakiwa na haki sawa.

Na biashara je? Wapo wanaosema, "Mkulima naye anabahatisha mvua, na mwenye duka anabahatisha wateja." Hapana. Mkulima akipata, mahindi yameongezeka duniani, na wala hakuna jirani aliyepungukiwa kwa sababu ya mavuno yake. Mwenye duka huchukua fedha na kutoa sukari. Katika dau hakuna kilichozaliwa: ninachopata mimi ndicho hasa ulichopoteza wewe, kikiwa kimekatwa fungu la mwenye nyumba. Sura An-Nisaa, aya ya 30, inawakataza waaminio wasiliane mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara kwa kuridhiana. Wengine hulishika neno hili la kuridhiana wakasema, "Sisi nasi tumeridhiana." Lakini kuridhiana ni sharti la biashara, si dawa ya kuigeuza batili kuwa haki. Kama ingekuwa hivyo, riba ingekuwa halali siku zote, maana mkopaji huridhika kwa sahihi yake mwenyewe. Na ni nani aliyemwona mtu aliyeridhika baada ya ile nusu ya pointi kumpita?

Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaobeba mikeka yao ya mechi za Uingereza wasidhani kwamba somo hili ni la wengine kwa kuwa tumezungumza habari za Atlanta. Hukumu ni moja.

Sasa tumgeukie yule aliyekwisha kuingia. Katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, nayo ndiyo kitabu cha Falsafa ya Mafundisho ya Islam, Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, ameeleza kutokana na Kurani Tukufu hali tatu za nafsi: ile iamrishayo maovu, ile ijilaumuyo, na ile iliyotulia kwa Mola Wake. Mcheza kamari anayeamka usiku wa manane, anahesabu alichopoteza, na moyo wake unamlaumu, asidhani kwamba amekwisha potea. Ile lawama ni dalili kwamba nafsi yake imetoka katika hali ya kwanza. Hatari ni kuinyamazisha lawama hiyo kwa dau jingine la kurudisha hasara, na hivi ndivyo hasara ya dola ishirini inavyokuwa ya mia nne kabla ya Alfajiri. Mtume s.a.w. amemwagiza hata yule aliyemwita mwenzake kwa maneno tu waje wacheze kamari, atoe sadaka. Dawa ni kuugeuza mkono: ule uliozoea kutoa kwa tamaa, ufundishwe kutoa bila tamaa.

Ndugu mgeni katika Islam huuliza pia juu ya yaliyopita: "Nilicheza miaka mingi kabla ya kufanya baiati, itakuwaje?" Masahaba r.a. nao walisumbuliwa na jambo hili amri ya pombe na kamari iliposhuka, kwa kuwa miongoni mwao walikuwapo waliokufa kabla ya katazo. Jibu lilikuja katika aya ya 94 ya Sura Al-Maida: hakuna dhambi juu ya walioamini na kutenda mema kwa vile walivyokula zamani, wakishika takua na imani. Hivyo hatatakiwa ahesabu madau ya ujana wake.

Lakini aliyekwisha kulijua katazo, na bado ana akaunti ya kamari ndani ya simu yake, hali yake ni nyingine. Aifute sasa, kabla ya mechi za Desemba, si baada ya mchezo mmoja wa mwisho. Fedha aliyoiweka mwenyewe ambayo bado haijachezwa ni mali yake, aichukue. Ile iliyotokana na ushindi aiondoe mkononi mwake kwa kuwapa wahitaji, asiihesabu kuwa sadaka. Na majimbo mengi ya Marekani yaliyoihalalisha kamari yameweka pia daftari ambamo mtu huandikisha jina lake mwenyewe, ili kampuni zikatazwe kupokea dau lake kwa muda wa mwaka mmoja, au mitano, au zaidi. Asione haya kujiandikisha humo, na achague muda ulio mrefu.